Uwezo Upimwao na Uwezo Utumikao: Uhakiki wa Tafiti za Mawasiliano ya Watu Wenye Afasia katika Tiba ya Kikundi

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna uwezo wa mawasiliano wa watu wenye afasia ulivyopimwa katika tafiti za tiba ya kikundi. Zimechambuliwa tafiti nne za tiba hiyo zilizochapishwa kati ya mwaka 1981 na 2001, pamoja na utafiti mmoja uliohusu mafunzo ya wazungumzaji wenza. Hoja inayojengwa ni kwamba tafiti hizo zimethibitisha manufaa ya tiba ya kikundi, lakini kwa kutumia vipimo vilivyobuniwa kumchunguza mtu akiwa peke yake mbele ya mpimaji. Kwa sababu hiyo, stadi ambazo kikundi hasa ndicho kinachozikuza, zikiwamo kuanzisha mazungumzo, kupokezana zamu na kurekebisha kutoelewana, hazikuonekana katika matokeo ipasavyo. Makala inaonyesha pia kwa nini vipimo hivyo haviwezi kuhamishiwa katika Kiswahili kwa tafsiri pekee.

1.0 Utangulizi

Afasia ni upotevu au upungufu wa uwezo wa lugha unaosababishwa na madhara katika ubongo, aghalabu baada ya kiharusi kilichoathiri nusu ya kushoto. Hali hii huweza kugusa usemi, ufahamu, usomaji na uandishi kwa viwango tofauti. Mtu mwenye afasia huweza kujua fika anachotaka kusema, akamtambua anayezungumza naye na kuelewa jambo linalojadiliwa, ila neno likakataa kuja au likaja lisilo lake. Pengo hili baina ya kukijua kitu na kukisema ndilo linalofanya swali la upimaji kuwa gumu. Je, anayeshindwa kutaja jina la kikombe lakini akafaulu kumfanya mwenzake amletee chai ana uwezo wa mawasiliano au hana?

Katika isimujamii, jibu la swali la namna hii lina msingi wa muda mrefu. Hymes (1972) alipanua dhana ya umilisi ili ijumuishe ujuzi wa matumizi, yaani kujua lini useme, lini unyamaze, na nani, kuhusu nini na kwa namna gani. Kwa mtazamo huo, umilisi wa kimawasiliano haulingani na jumla ya maneno na sentensi ambazo mtu anaweza kuzitoa anapoulizwa. Tiba ya kikundi imejengwa juu ya mtazamo huu hata pale ambapo waandishi wake hawakuutaja. Watu kadhaa wenye afasia hukutanishwa chini ya uongozi wa mtaalamu wa tiba ya lugha ili wazungumze wao kwa wao, na mazungumzo yenyewe ndiyo yanayochukuliwa kuwa tiba.

Tatizo linaloshughulikiwa hapa ni kwamba nadharia ya tiba na nadharia ya kipimo hazikwenda pamoja. Suala hili lina uzito wa kiutendaji. Uamuzi wa kuendeleza au kusitisha huduma kwa mgonjwa hutegemea alama zake. Iwapo kipimo hakioni kile ambacho tiba inakibadilisha, huduma inaweza kuondolewa kwa mtu ambaye ilikuwa ikimfaa.

2.0 Kikundi kama Mbadala wa Uhaba

Tiba ya kikundi kwa watu wenye afasia ilishika kasi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia na baada yake, hususani nchini Marekani, ambako askari wengi walirejea na majeraha ya kichwa ilhali wataalamu walikuwa wachache. Kikundi kilichaguliwa kwa kuwa mtaalamu mmoja angeweza kuwahudumia watu wengi kwa wakati mmoja. Asili hii iliacha alama. Kwa miaka mingi tiba ya kikundi ilionekana kuwa nyongeza ya tiba ya mtu mmojammoja, au kitu cha kutolewa pale ambapo tiba kamili haipatikani.

Utafiti wa Wertz na wenzake (1981), uliofanywa katika hospitali za maveterani nchini Marekani, ulikuwa jaribio la kwanza kubwa la kuuchunguza mtazamo huo. Wagonjwa 67 waliandikishwa wiki 4 baada ya kiharusi na kugawanywa kwa nasibu. Upande mmoja ulipata tiba ya mtu mmojammoja, na upande wa pili ukapata tiba ya kikundi iliyojikita katika mazungumzo bila mazoezi ya moja kwa moja ya kasoro za lugha. Kila upande ulipangiwa saa 8 kwa wiki kwa muda wa wiki 44. Wagonjwa 34 walimaliza kipindi chote. Pande zote mbili zilipata nafuu, na tofauti baina yao zilikuwa chache. Iliyojitokeza zaidi ilikuwa katika alama za jumla za kipimo cha Porch, kijulikanacho kwa kifupi kama PICA, ambazo ziliwaelemea waliotibiwa mmojammoja.

Tofauti hiyo imezoeleka kusomwa kama ushahidi kwamba tiba ya mtu mmojammoja ina nguvu zaidi, japo kidogo. Usomaji huo unastahili kuhojiwa. PICA ina vijaribio 18 vinavyotumia vifaa 10 vya kawaida. Mpimaji hutoa agizo au swali, mgonjwa hujibu, na kila jibu hupewa alama katika mizani ya ngazi 16. Muundo wake wa kichocheo na itikio unafanana na muundo wa kikao cha tiba ya mtu mmojammoja. Waliotibiwa kwa namna hiyo walikuwa wamekaa mara nyingi katika hali inayolingana na ile ya kupimwa, ilhali wenzao walikuwa wamejifunza kufanya kitu kingine. Linaloshangaza katika matokeo hayo si kwamba kikundi kilizidiwa kidogo. Ni kwamba kilikaribia kulingana na mwenzake katika uwanja usiokuwa wake.

Ni lazima ikubalike pia kwamba utafiti huo haukuwa na kundi lisilotibiwa. Hoja kwamba nafuu ilitokana na tiba iliegemea kwenye ukweli kuwa wagonjwa waliendelea kuimarika hata baada ya miezi ya mwanzo ambamo ubongo hujirudia wenyewe. Hoja hiyo ina mantiki, lakini haitoshi kufunga mjadala. Aidha, kupungua kwa washiriki kutoka 67 hadi 34 kunamaanisha kwamba matokeo ya mwisho yanawahusu wale walioweza kubaki, na hao huenda hawakufanana na walioondoka.

3.0 Vipimo Viwili, Hukumu Mbili

Utafiti mdogo wa Aten, Caligiuri na Holland (1982) unaliweka tatizo la kipimo wazi kuliko tafiti kubwa. Watu 7 wenye afasia sugu walipata tiba ya mawasiliano tendaji katika kikundi, mara 2 kwa wiki kwa wiki 12. Walipimwa kwa PICA na kwa kipimo cha Holland (1980) kinachoitwa CADL, ambacho huigiza shughuli za kila siku kama kwenda kwa daktari, kununua vitu na kutumia simu. Katika CADL, jibu hukubaliwa kwa njia yoyote iwayo, iwe neno, ishara ya mkono au maandishi, mradi ujumbe umefika.

Alama za CADL zilipanda kwa kiwango bainifu kitakwimu. Alama za PICA hazikupanda. Watu ni walewale, tiba ni ileile na majuma ni yaleyale, lakini hukumu zimekuwa mbili. Kwa kipimo kimoja watu hao walikuwa wamefikia kikomo cha nafuu yao. Kwa kingine walikuwa bado wanasonga mbele. Kama mlipaji wa huduma angekuwa na PICA peke yake mkononi, angekuwa na sababu ya kuwaondoa wote 7 katika tiba, na angeamini ametenda kwa haki.

Pamoja na umuhimu huo, utafiti wa Aten na wenzake una udhaifu usioweza kufumbiwa macho. Haukuwa na kundi linganishi, na mmoja wa watafiti ndiye aliyebuni kipimo kilichoonyesha mafanikio. Vilevile, tiba iliyotolewa ililenga hali za kila siku zinazokaribiana na zile zinazoigizwa katika CADL. Lawama iliyotolewa hapo juu dhidi ya PICA, kwamba inaipendelea tiba inayofanana nayo, inaigusa CADL pia. Kilichothibitishwa, basi, ni kwamba kila kipimo huona mabadiliko ya aina yake. Bado kulihitajika utafiti ambao ungetenganisha athari ya tiba na athari ya kufanana kwa tiba na kipimo.

4.0 Elman na Bernstein-Ellis (1999): Nguvu na Mipaka

Utafiti wa Elman na Bernstein-Ellis (1999) ndio uliokaribia zaidi kukidhi haja hiyo. Washiriki 24 wenye afasia sugu walimaliza majaribio. Waligawanywa kwa nasibu: baadhi walianza tiba mara moja, wengine wakasubiri. Makundi yalisawazishwa kwa umri, elimu na ukali wa afasia. Tiba ilitolewa kwa saa 5 kwa wiki kwa miezi 4, na shabaha yake ilikuwa kuongeza uanzishaji wa mazungumzo na upashanaji wa habari kwa njia yoyote ile. Vipimo vilifanywa mwanzoni, baada ya miezi 2, baada ya miezi 4, kisha wiki 4 hadi 6 baada ya tiba kukoma.

Ubora wa utafiti huu umo katika namna ulivyolishughulikia pingamizi la kawaida, yaani kwamba nafuu ya kikundi ni nafuu ya kutoka nyumbani na kukaa na watu. Waliosubiri hawakuachwa wapweke. Walishiriki katika shughuli za kijamii kama vikundi vya kusaidiana, vya sanaa za maonyesho na vya mazoezi ya viungo. Hata hivyo, waliopata tiba walipata alama za juu zaidi kuliko wao, na alama hizo hazikushuka kwa kiwango bainifu baada ya tiba kusitishwa. Kwa hiyo, kukutana tu hakutoshi. Kuna kitu katika mazungumzo yanayoongozwa kitaalamu ambacho hakipatikani katika ukumbi wa mazoezi. Zaidi ya hayo, nafuu ilionekana katika vipimo vya lugha na vya mawasiliano pia, zikiwamo alama za WAB, kipimo cha Kertesz ambacho hakifanani hata kidogo na kikao cha kikundi. Hapa lawama ya kufanana kwa tiba na kipimo haishiki. Matokeo hayo ni ushahidi wa uhamisho wa stadi, na uhakiki wa haki hauna budi kuyapa uzito huo.

Hata hivyo, upo mpaka ambao matokeo hayo hayauvuki. Shabaha ya kwanza ya tiba ilikuwa kuanzisha mazungumzo. Katika WAB, mpimaji ndiye anayeanzisha kila jambo. Mgonjwa huulizwa, huonyeshwa, huambiwa arudie na huambiwa ataje. Hata sehemu inayoitwa usemi wa papo kwa papo hutokana na maswali ya mpimaji na picha aliyoichagua yeye. PICA iliyofupishwa, ambayo nayo ilitumika, ina muundo huohuo. CADL inasogea karibu na maisha, lakini maigizo yake nayo huongozwa na mpimaji. Katika vipimo vyote vitatu hakuna mahali ambapo mshiriki anaweza kupata alama kwa kuibua mada ambayo hakuna aliyeitarajia, kumkatiza mtu kwa adabu, kumuuliza mwenzake swali au kumsubiri mwenzake atafute neno. Shabaha iliyotajwa kuwa ya kwanza haikupimwa moja kwa moja na kipimo chochote kati ya hivyo.

Mpaka wa pili unahusu vijenzi vya tiba. Kikundi kilikuwa na mtaalamu anayechochea na kuwezesha, wenzao wenye hali moja, ruhusa ya kutumia kuchora na ishara, na mada zinazotoka kwa washiriki wenyewe. Utafiti unaonyesha kwamba mkusanyiko huu kwa ujumla wake unafanya kazi. Hauonyeshi kipi kati ya hivyo kikiondolewa kitaudhoofisha. Suala hili ni kubwa kwa yeyote anayetaka kuanzisha huduma kama hiyo mahali ambapo wataalamu ni wachache, kwa sababu mtaalamu ndiye kijenzi cha gharama kubwa kuliko vyote.

Waandishi hao walitambua kwamba alama hazikusema yote, na katika mwaka huohuo walichapisha makala nyingine kuhusu upande wa kisaikolojia na kijamii wa tiba hiyo, ikitegemea mahojiano na washiriki pamoja na jamaa zao. Hatua hiyo ni ya kupongezwa. Lakini kuliweka suala la ushirikiano katika makala ya pili, chini ya anwani ya saikolojia, kunaendeleza mgawanyo uleule: lugha hupimwa kwa alama, na mahusiano husimuliwa. Kuanzisha mazungumzo si suala la hisia. Ni tendo la kiisimu lenye umbo linaloweza kuonekana, kurekodiwa na kuhesabiwa.

5.0 Kanuni Zinazopingana

Pulvermüller na wenzake (2001) walileta tiba ya kikundi ya aina tofauti kabisa. Wagonjwa wachache huketi pamoja na kucheza mchezo wa kadi. Kila mmoja ana kadi zake zilizokingwa wenzake wasizione, naye hulazimika kuomba kadi inayolingana na yake kwa maneno. Ishara za mikono zinazoweza kuchukua nafasi ya maneno haziruhusiwi. Washiriki 17 wenye afasia sugu walihusika. 10 walipata tiba hiyo kwa saa 3 hadi 4 kila siku kwa siku 10, na 7 walipata tiba ya kawaida. Waliobanwa watumie maneno walipata nafuu kubwa zaidi.

Kwa mtazamo wa juujuu, utafiti huu unaupinga ule wa Elman na Bernstein-Ellis: mmoja unafungua njia zote, mwingine unazifunga zote isipokuwa moja, na zote mbili zinafaulu. Mgongano huo hupungua pale vitendo uneni vinapozingatiwa. Katika mchezo wa kadi, kila zamu ni ombi, na kila ombi lina mtu anayelipokea, kulikubali au kulikataa. Katika mazungumzo huru pia, kila kauli humwajibisha mwingine. Kinachozifungamanisha tiba hizi mbili ni kwamba neno lina kazi kwa msikilizaji halisi. Hata hivyo, tofauti ya saa kwa siku baina ya tiba mbili alizozilinganisha Pulvermüller inazuia hitimisho la haraka, kwani haiwezekani kujua kama nafuu ilitokana na ubanaji, na mchezo wenyewe au na wingi wa mazoezi katika siku chache.

6.0 Uwezo Huu ni wa Nani?

Tafiti zilizojadiliwa zina dhana moja ya pamoja isiyohojiwa, kwamba uwezo wa mawasiliano ni mali ya mgonjwa, naye huubeba kutoka chumba cha tiba hadi chumba cha kipimo. Kagan na wenzake (2001), wakifanya kazi Toronto, waliitikisa dhana hiyo. Hawakuwafunza watu wenye afasia. Waliwafunza watu wa kujitolea 20 namna ya kuwezesha mazungumzo, kwa mfano kuandika maneno muhimu, kuchora, kuuliza kwa namna inayojibika na kuhakikisha wameelewa. Watu wengine 20 wa kujitolea hawakupata mafunzo hayo. Waliofunzwa waliimarika, na hilo lilitarajiwa. Jambo la msingi zaidi ni kwamba hata watu wenye afasia waliozungumza nao walipata alama za juu zaidi katika kushirikiana na kupashana ujumbe, ingawa wao hawakufundishwa chochote.

Ikiwa alama ya mgonjwa inaweza kupanda kwa kumbadilisha mwenzake, basi alama hiyo haikuwa ya mgonjwa peke yake tangu mwanzo. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Katika mazungumzo methali hii si nasaha tu, ni maelezo sahihi ya utaratibu. Matokeo haya yana athari mbili kwa tafsiri ya tafiti za kikundi. Kwanza, inawezekana nafuu imekadiriwa chini ya kiwango chake, kwa kuwa mshiriki alipimwa na mtu aliyezuiwa na kanuni za kipimo asimsaidie. Pili, inawezekana sehemu ya kile kilichoonekana vikaoni ilikuwa kazi ya mtaalamu, na ingepungua yeye akiondoka. Ufuatiliaji wa wiki 4 hadi 6 katika utafiti wa 1999 unaonyesha kwamba alama za vipimo hazikushuka. Hauonyeshi kama mazungumzo ya nyumbani yaliendelea.

7.0 Kipimo Kikihamishiwa katika Kiswahili

Masuala haya huongezeka uzito vipimo vinapofikiriwa kwa wazungumzaji wa Kiswahili. Abuom na Bastiaanse (2012) walilinganisha usemi wa Kiswahili na wa Kiingereza wa watu walewale wenye afasia, na kwa kazi hiyo Kiswahili kiliingia katika mjadala ambao kwa muda mrefu ulitawaliwa na lugha za Ulaya. Kazi yao ilihusu usemi wa mtu mmojammoja, lakini inafungua maswali mawili kwa anayetaka kupima mawasiliano ya kikundi.

Swali la kwanza ni la kimofolojia. Kitenzi aliniletea kinabeba mtenda, wakati, mtendewa, mzizi na kauli ya kutendea katika neno moja ambalo ni sentensi kamili. Kipimo kinachohesabu maneno katika kila sentensi kitamwona aliyetamka neno hilo kuwa na usemi mfupi, ilhali ametimiza muundo ambao Kiingereza hukitimiza kwa maneno manne au matano. Aidha, mzizi -let- hausimami peke yake katika usemi. Mzungumzaji wa Kiingereza huweza kuangusha kiambishi na kubaki na neno linalotamkika. Wa Kiswahili, nje ya kauli ya kuamrisha, hana nafasi hiyo. Kosa lake lina uwezekano mkubwa wa kuwa la kubadili kiambishi kuliko kukiacha, na kipimo kinachotafuta vilivyoachwa hakitaliona.

Swali la pili ni la kipragmatiki, nalo linagusa kikundi moja kwa moja. Imejulikana tangu karne ya 19 kwamba misemo ya mazoea, kama salamu na viapo, huweza kubaki hata usemi wa kubuni ukiwa umeharibika sana. Kwa sababu hiyo vipimo vingi huipa salamu thamani ndogo. Kwa Kiswahili, uamuzi huo ni wa haraka mno. Umbo la salamu ni la mazoea, lakini uteuzi wake si wa mazoea. Anayesema shikamoo kwa mkubwa wake na hujambo kwa mdogo wake amepima umri na uhusiano kabla ya kunena. Anayeitikia marahaba amekubali nafasi aliyopewa. Katika mfuatano wa habari za nyumbani, za kazi na za watoto, zamu hupokezanwa mara kadhaa kabla ya mada yenyewe kuanza. Mtu mwenye afasia kali akiingia katika kikundi na kumsalimu kila mmoja kwa salamu inayomstahili, ameonyesha umilisi wa kimawasiliano ambao kutaja majina ya vifaa 10 hakuwezi kuudhihirisha. Akikosea kwa kumwamkia kijana kwa shikamoo, kosa hilo nalo ni data. Kulichukulia jambo hili kuwa mazoea matupu ni kuipoteza sehemu mojawapo ya usemi wake ambayo huenda bado inafanya kazi kikamilifu.

8.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba madai ya manufaa ya tiba ya kikundi yana msingi. Utafiti wa Wertz na wenzake uliikaribisha katika uwanja wa sayansi, na ule wa Elman na Bernstein-Ellis ukaipa ushahidi imara dhidi ya pingamizi kwamba ni burudani tu. Udhaifu uliobainishwa uko katika uhusiano wa tiba na kipimo: watu walitibiwa wakiwa wazungumzaji, wakapimwa wakiwa wajibuji.

Inapendekezwa kwamba tafiti zijazo zirekodi vikao vyenyewe mwanzoni, katikati na mwishoni mwa tiba, na zihesabu mambo matatu: zamu ambazo mshiriki amezianzisha bila kuulizwa, zamu zilizoelekezwa kwa mshiriki mwenzake badala ya mtaalamu, na kutoelewana kulikorekebishwa na washiriki wenyewe. Inapendekezwa pia kuwe na vipindi ambavyo mtaalamu anatoka chumbani ili ijulikane kikundi kinabaki na nini. Kwa Kiswahili, vipimo vijengwe juu ya mofolojia ya kitenzi na utaratibu wa salamu na zamu, badala ya kufasiri orodha zilizotungwa kwa lugha nyingine. Vipimo vya mtu mmojammoja visitupwe, kwa kuwa vinaeleza hali ya lugha kwa namna ambayo mazungumzo hayawezi. Lakini visiachiwe peke yake kuamua nani aendelee na tiba na nani asimamishwe.